Daktari Anapotafuta Jibu Mtandaoni

Daktari aliye zamu huingia mtandaoni akiwa na swali finyu: dozi ya mtoto wa kilo 9, dawa mbili zisizopatana, kipimo cha kutangulia. Katika hospitali za Arusha, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru, Selian kule Ngaramtoni au Nkoaranga kwenye miteremko ya Meru, swali kama hilo zamani lilimsubiri daktari bingwa, au likajibiwa na kitabu kilichopitwa na wakati. Intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya kusuasua hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009.

Kwa malaria, nimonia au shinikizo la damu, pa kuanzia ni mwongozo wa taifa wa matibabu wa Wizara ya Afya, uliotolewa upya 2021 pamoja na orodha ya dawa muhimu. Ukishapakuliwa kwenye simu hauli bando tena.

Swali likiuzidi mwongozo, wengi huelekea PubMed, kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliyofunguliwa bure kwa umma 1997. Humo mna rejea za makala zaidi ya milioni 35, ingawa mara nyingi kinachosomeka bure ni ikisiri tu. Makala kamili hupatikana kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002. Lakini anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi, hivyo tabibu wa zahanati ya pembeni hubaki nje ya uzio.

Maneno ya utafutaji huamua kitakachopatikana. Tuseme kuna mtoto wa Ngarenanyuki mwenye meno ya kahawia na matege. Maji ya ukanda huu wa volkano yana floraidi nyingi, kwingine mara kadhaa ya kiwango cha juu kinachopendekezwa cha miligramu 1.5 kwa lita. Anayetafuta "floraidi" na "meno" tu ataletewa lundo la makala za nchi zinazoongeza floraidi kwenye maji ili kuzuia meno kuoza, jambo la upande wa pili kabisa. Akitaja fluorosisi na Tanzania, tafiti za Arusha hujitokeza, zikiwemo zinazoshuku magadi ya kupikia. Yote kwa Kiingereza, bila shaka. Kiswahili bado hakimfikishi daktari mbali humo.

Kupata makala bado si kupata jibu. Kwa miaka mingi miongozo ilielekeza mtoto mwenye maambukizi makali na mzunguko hafifu wa damu atundikiwe dripu nyingi kwa haraka. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulilipima hilo kwa watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Muheza mkoani Tanga. Ndani ya saa 48 walikufa karibu asilimia 10.5 ya waliopewa maji kwa haraka, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria, na hospitali hazikuwa na mashine za kupumulia. Ndiyo maana msomaji makini huanza na sehemu ya mbinu: wagonjwa walikuwa nani, na vifaa gani vilikuwepo.

Pasipo na utafiti wa huku, daktari hubaki na wenzake. Picha ya eksirei hutumwa WhatsApp kwa daktari bingwa wa hospitali ya KCMC, Moshi, na majibu huja haraka kuliko ya kanzidata yoyote. Jina la mgonjwa hufutwa kwanza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.