Chingamu haitakuokoa, anza na ulimi

Umepanda matatu, unataka kumsemesha mrembo aliyeketi kando yako, halafu unakumbuka asubuhi ulitoka mbio bila kupiga mswaki. Unatupia chingamu mdomoni. Sawa, itakusitiri hadi steji, lakini chanzo cha harufu hakijaguswa.

Bakteria hula mabaki ya chakula na kutoa gesi za salfa. Wengi wao hujificha sehemu ya nyuma ya ulimi, mahali ambapo mswaki wako pengine haujawahi kufika. Usiku mate hupungua, nao husherehekea. Ndiyo maana mswaki wa kabla ya kulala si wa kurukwa hata ukiwa hoi: dakika mbili, dawa yenye floridi, na ulimi pia.

Na ukitema damu je? Wengi huacha kupiga mswaki hapo hapo. Kosa kubwa! Mara nyingi ni ufizi uliovimba kwa sababu ya uchafu ulioganda kwenye meno. Endelea taratibu kwa mswaki laini, pitisha uzi katikati ya meno. Mapema hivyo, ufizi hupona. Damu isipokoma baada ya wiki mbili, mwone daktari wa meno. Ukizidi kungoja, mfupa unaoshikilia jino huliwa, na huo haurudi.