Utangulizi: Kabla ya Kliniki

Mama mjamzito wa Sinza mara nyingi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, minne. Anapimwa presha na wingi wa damu, anapewa vidonge vya FEFO, vyenye madini ya chuma na foliki. Vitamsaidia sana kuongeza damu. Lakini mrija wa neva, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hujifunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati mama pengine hajajua kuwa ni mjamzito. Usipojifunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Watoto hao tunawaona kwenye Taasisi ya Mifupa (MOI), pale Muhimbili, wakisubiri upasuaji.

Karibu basi kwenye fani inayochunguza siku hizo.

Seli za kiinitete hugawanyika kwa kasi, na kila mgawanyiko unadai vinasaba vipya. Foleti, yaani vitamini B9, hubeba kaboni mojamoja za kuviundia. Kaboni hizohizo, B12 ikisaidia, huishia kuwa alama zinazobandikwa kwenye jeni, ipi ifanye kazi na ipi inyamaze.

Urithi unaingia hapa. Jeni ya MTHFR huelekeza uundaji wa kimeng'enya kimojawapo cha kazi hiyo. Wapo waliorithi aina yake iliyo dhaifu, ambayo huiachia upesi vitamini B2 inayokiendesha. Foleti ikitosha mwilini, udhaifu huo hupungua. Jambo hili ndilo lililonivuta mimi: urithi uleule hudhuru au usidhuru kwa kutegemea chakula. Aina hiyo imeenea Ulaya na Mexico, kwa Waafrika ni adimu, na bado mgongo wazi tunao. Maelezo ya wenzetu hayatutoshi. Jeni zetu lazima zichunguzwe hapahapa.

Kuhusu foliki yenyewe, yaani foleti inayotengenezwa viwandani, hakuna ubishi. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa 1991 ulionyesha kuwa mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro ya mrija wa neva, akimeza foliki kabla ya mimba, hatari ya kurudia hushuka kwa asilimia 72. Kanuni za Tanzania za 2011 zikavitaka viwanda viongeze foliki kwenye unga wa ngano na mahindi. Soma ubavuni mwa mfuko wa sembe, huenda ukaiona imeandikwa. Ila mahindi yanayosagwa kwenye mashine ya mtaani mara nyingi hayaongezwi kitu, na yakikobolewa hupoteza hata vitamini B yaliyokuwa nayo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia pale mwanamke anapotaka kushika mimba. Mimba nyingi hazipangwi, kwa hiyo sura ya kwanza nimeianzia kwenye unga, vidonge vitafuata.