Mahaba, Ijara na Hukumu ya Michezo ya Video

Mtu aketiye jioni katika kibanda cha gemu hapa Ibighi, mvua ya Rungwe ikipiga bati na vijana wakingojea zamu ya kushika padi, atasikia mabishano makali mithili ya yale ya Simba na Yanga: huyu aapa kwamba mchezo wa video wa PES ndio mpira wenyewe na ule wa FIFA ni mapambo matupu, yule aapa kinyume chake, na aghalabu kila mmoja ausifu mchezo ambao vidole vyake viliuzoea kwanza. Mahaba ya namna hiyo si dhambi. Wazee wa wilaya hii wanaposimulia jinsi timu ya Tukuyu Stars ilivyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, hakuna awadaiye insafu. Lakini shabiki akishika kalamu na kujiita mhakiki, akamshawishi mwenye kibanda kutoa fedha zake, amekwisha kuingia katika daraja la mashahidi, na ushahidi una masharti yake.

Sharti si kutokupenda, maana asiyeupenda mpira ataitambuaje pasi iliyochelewa? Sharti ni kutenga yakini na dhauki. Kama mchezo hukwama, kama wawili waweza kuucheza kwenye mashine moja, hayo hayana Simba wala Yanga. Utamu wake ndio mahali pa mapenzi, na mapenzi yatajwe wazi.

Hasira ya mashabiki nayo haina hukumu moja. Tarehe 30 Septemba 2021 kampuni ya Konami ilitoa eFootball mahali pa PES, wachezaji wakaonekana na nyuso zilizopotoka, na wanunuzi wa duka la Steam wakaulaani mchezo huo kwa wingi hata Konami ikaomba radhi kesho yake; ghadhabu ile ilikuwa na ushahidi. Mwaka uliotangulia, mchezo wa The Last of Us Part II ulipotoka tarehe 19 Juni, mtandao wa hakiki wa Metacritic ulifurika alama za sufuri tangu siku ya kwanza, ilhali kuumaliza mchezo wenyewe kwahitaji zaidi ya saa 20. Na waliotoa kumi ili kuwakomoa wa sufuri hawakuwa waadilifu zaidi. Mwezi uliofuata Metacritic iliweka kanuni kwamba wachezaji wangoje saa 36 kabla ya kutoa alama.

Wala ijara haina huruma zaidi kuliko mahaba. Mwaka 2007 mhakiki Jeff Gerstmann wa mtandao wa GameSpot aliupa mchezo wa Kane & Lynch alama sita katika kumi, wakati mtandao huo ulipokuwa umejaa matangazo ya mchezo huo huo, akafukuzwa kazi; miaka mitano baadaye alieleza hadharani kwamba shinikizo la watangazaji lilihusika.

Hata mhakiki wa London aliye mwadilifu kabisa ana upofu wa makazi yake. Kwamba eFootball haiuzwi kwa diski bali hupakuliwa mtandaoni, yeye hulipitia kwa sentensi moja, kwani intaneti yake haina kikomo. Kwa mwenye kibanda wa Tukuyu anunuaye bando, hilo ndilo shauri lote. Enyi vijana wa vibandani, andikeni hakiki zenu wenyewe, mkianza na umeme, bando na padi, kisha ndipo mtuambie mnamshabikia nani.