Kabla ya Kumkabidhi Mpwa Funguo za Noah

Mwenye Noah ya familia pale Kilangali, akitaka mpwa wake aanze kuiendesha, huuliza kwanza: kumwongeza dereva ni shilingi ngapi? Swali zito zaidi ni gari litafanya kazi gani likiwa mikononi mwake.

Hapa Tanzania bima hufuata gari. Mikataba mingi humkubali yeyote mwenye leseni halali anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye gari. Kule Uingereza dereva wa pili huandikwa kwa jina, na umri wake na ajali zake za nyuma hubadilisha ada. Kwetu kinachoamua zaidi ni matumizi: binafsi au biashara. Kumpeleka bibi hospitali Kilosa ni binafsi. Kupakia abiria wa nauli kwenda Mikumi, au kusomba mpunga wa jirani kwa malipo wakati wa mavuno, ni biashara, hata kama ni Jumamosi tu.

Tupige hesabu. Bima ndogo ya gari la binafsi ni shilingi 118,000 kwa mwaka: 100,000 na VAT ya asilimia 18. Hiyo hulipa madhara uliyowafanyia wengine, gari lako halimo. Bima kubwa, inayolipia na gari lako, kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5 ya thamani, kwa Noah ya milioni 10 ni 350,000. Weka VAT ya 63,000, inakuwa 413,000. Tofauti ni 295,000. Kwa gari linalokatiza Hifadhi ya Mikumi usiku, ambako nyati na twiga huvuka barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, mimi ningeitoa hiyo tofauti. Ukigonga nyati ukiwa na bima ndogo, bodi, taa na rejeta ni juu yako.

Ukitaja biashara, ada hupanda, na kwa gari la abiria idadi ya viti nayo huhesabiwa. Kampuni hazilingani, kwa hiyo omba bei kwa mawakala wawili au watatu na ujue namna ya kuzipima: kwa gari la milioni 10, kila nusu asilimia inayoongezeka ni 50,000, au 59,000 pamoja na VAT.

Hapo ndipo wengi huamua kuandika binafsi na kunyamaza. Siku ya ajali, askari wa usalama barabarani huandika waliokuwemo, na abiria aliyevunjika mguu hataficha kwamba alilipa nauli. Mkataba wa binafsi kwa kawaida hautambui kubeba watu kwa malipo, na kampuni ina haki ya kukataa kulitengeneza gari. Umeokoa makumi ya maelfu, umepoteza milioni 10, na majeruhi bado wanakudai.

Tena bima si gharama pekee ya nauli. Gari la abiria wa nauli hutakiwa kuwa na namba nyeupe badala ya njano, leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na dereva mwenye leseni ya daraja C. Mpwa mwenye daraja D peke yake, lile la gari binafsi, hajafika huko.

Hata kama ni matumizi ya nyumbani tu, mtaje mpwa kwa wakala. Mikataba mingine humwongezea mwenye gari sehemu ya hasara anayoibeba mwenyewe iwapo dereva ni kijana mno au leseni yake ni mpya. Ijue sehemu hiyo kabla hujalipa. Mabadiliko yoyote yadai kwa maandishi, maana ahadi ya kwenye simu haikusaidii wakati wa madai. Kisha hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama aina ya bima na tarehe ndizo ulizolipia.

Uamuzi wangu: mpwa akiendesha kwa shughuli za nyumbani, chukua bima kubwa ya binafsi na jina lake liandikwe. Akitaka kupakia abiria hata siku moja kwa wiki, lipa ya biashara na ukamilishe vibali. Kama hesabu hiyo ni nzito, mkataze nauli kabla hajashika funguo.