Samaki Asiye na Deni

Siku yetu ya tano mteja wangu alikuja na samaki wawili aina ya mbuta kikapuni, wamefunikwa kwa gazeti lililolowa. Alikuwa ametoka ufukweni Dunga alfajiri. Siku ya kwanza aliniita daktari. Siku hiyo aliniita mama. Akaweka kikapu miguuni pangu, akasema, “Mama, hawa nimekuchagulia mwenyewe.”

Mimi ni mshauri nasaha hapa Kisumu. Nimelelewa kando ya ziwa hili, na najua kwamba kumrudishia mtu chakula alichokuletea ni kama kumfukuza. Lakini nilijua pia aliyoyapitia mwanamke huyu. Nimebadilisha baadhi ya mambo yake asitambulike, naye ameniruhusu niyaandike. Kwa miaka mingi alipata samaki kwa njia ambayo huku tunaiita jaboya: mvuvi humwuzia samaki mchuuzi anayekubali kulala naye. Pesa analipa, na mwili analipa. Si yeye peke yake. Mwaka 2011 wanawake wa Nduru, katika kaunti hii yetu, walianza kumiliki mashua zao ili waepukane na malipo hayo. Mteja wangu hakuwa na mashua. Maishani mwake, samaki hakuwahi kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila mtu kudaiwa.

Kwa hiyo sikuwapokea, wala sikuwakataa papo hapo. Nilimwuliza, “Nikiwachukua, utahisi nimebaki na deni gani kwako? Na nisipowachukua?” Alinyamaza kitambo. Kisha akasema aliogopa kwamba nitamchoka, na alitaka niwe na sababu ya kumngoja wiki ijayo.

Muda wote uliobaki tulizungumza juu ya hofu hiyo. Nilimwambia ada yake ameshailipa pale mapokezi, imeandikwa kwenye risiti, na zaidi ya hiyo hanidai wala simdai. Mbuta akarudi nao nyumbani, wakaliwa na watoto wake.

Mtu anayekufungulia moyo huja na watu wengine nyuma yake: mama aliyemkosa, mume aliyempiga, mvuvi aliyemdai. Bila kujua, anaweza kumvika mshauri sura zao, akampenda, akamwogopa au akamchukia kwa ajili yao. Jambo hili si geni. Sigmund Freud aliandika mwaka 1915 kuhusu wagonjwa wanaompenda tabibu wao, akaonya kwamba tabibu asiyaitikie mapenzi hayo wala asiyazime kwa karipio. Ayatazame pamoja na mgonjwa, maana yana habari ndani yake.

Mimi nami nina moyo. Mwezi wa pili wa vikao vyetu niligundua kwamba saa ya mwanamke yule ilikuwa ikifika saa moja na nusu, na simu yake ya usiku nilikuwa naipokea hata nikiwa mezani na wanangu. Nilimpelekea jambo hilo msimamizi wangu, mama aliyenitangulia katika kazi hii, kwa maana kila mshauri anahitaji mtu wa kumkagua. Aliniuliza swali moja: “Hiyo nusu saa ni ya nani?” Nililia. Ilikuwa ya marehemu dada yangu, aliyechuuza omena maisha yake yote bila mtu wa kumsikiliza. Tangu siku hiyo nilirudi kwenye saa moja, nikamweleza mteja wangu sababu ya kufanya hivyo, na tukakubaliana nani wa kumpigia usiku akizidiwa.

Mimi na wateja wangu tunaishi mji mmoja. Tunakutana sokoni Kibuye, kanisani, matangani. Ndiyo maana siku ya kwanza humwambia kila mteja: tukikutana nje, sitakusalimia mpaka unisalimie wewe. Asidhani kuwa ni majivuno. Namwachia yeye aamue nani ajue kwamba tunafahamiana. Humwambia pia kwamba siri yake ninaitunza, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini.

Nawe unayetafuta mshauri hapa Kenya, uliza kama amesajiliwa. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kusajili na kusimamia kazi hii. Mshauri akikukopa pesa, akikuomba umfanyie kazi nyumbani kwake, akikutaka kimapenzi, hilo si penzi wala bahati; ondoka, ukamripoti. Usione aibu. Jukumu la kulinda mpaka ni lake, hata kama wewe ndiye uliyeanza kumpenda.

Siku yetu ya mwisho mwanamke yule alikuja mikono mitupu. Alikaa, akasema aliyokuwa nayo, akafuta machozi kwa pembe ya leso. Saa ilipotimia aliinuka, akanipa mkono, akaondoka bila kuniuliza anadaiwa nini.