Ngumbaru si mbumbumbu

Tangu Serikali ya Kenya ilipoanzisha kampeni ya kisomo cha watu wazima mwaka wa 1979, ibara "kufuta ujinga" imeganda vinywani mwetu, kana kwamba mtu asiyejua kusoma hana alijualo. Ibara hiyo humharibia mwalimu kazi kabla hajashika chaki.

Chukua mfano wa mama wa makamo wa Likoni au Kisauni anayeingia darasa la ngumbaru. Yamkini alipitia chuo cha Kurani utotoni, na msahafu anausoma bila ya kusita. Huyu ajua tayari kuwa alama husimama badala ya sauti, na kwamba konsonanti na irabu hushikana zikafanya silabi. Isitoshe, herufi za Kiarabu ndizo zilizotuhifadhia mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mvita (1776-1840). Si za kudharauliwa. Basi mwalimu asimwanzishe na wimbo wa a, be, che. Amwandikie ba, bi, bu kwa maandishi yote mawili, sambamba, na amwonyeshe kuwa haya mapya huanzia kushoto.

Tatizo lake litazuka kwingine. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hivyo atachanganya e na i, o na u. Dawa ni jozi za maneno: lea na lia, toa na tua, choma na chuma. Jozi chache zinazorudiwa kila siku zafaa kuliko ukurasa mzima wa kunakili. Na akiandika mato au mtele, mwalimu asikimbilie wino mwekundu! Ameandika sawasawa na anavyotamka, na hiyo ndiyo shabaha ya hatua hii. Macho na mchele yaandikwe kando, kama maneno mengine ya kujua.

Kwa kibarua wa Changamwe aliyetoka bara na asiyepitia chuo, daraja hilo halipo. Yeye aanzishwe na karatasi zilizo mfukoni mwake: kitambulisho, risiti, hati ya malipo.

Wote hao, hata hivyo, wana simu. Asiyeweza kusoma ujumbe wa M-Pesa humpa kijana wa jirani simu pamoja na nambari ya siri, na akiibiwa huona haya kusema. Kwa maoni yangu, somo la tarakimu lisingojee mwisho wa kitabu. Liletwe wiki ya kwanza, kwa ujumbe halisi ulionakiliwa ubaoni, majina yakiwa yamefichwa.