Ubundu: Mahindi yanangoja usafiri, fukusi hawangoji

Mkulima wa Ubundu akisha kuvuna mahindi, anabaki na njia mbili: kuuza haraka kwa bei ya chini, ao kuweka akiba hadi bei ipande. Lakini anayengoja hayuko peke yake na magunia yake.

Wilaya hii ya jimbo la Tshopo imeunganishwa na mji wa Kisangani kwa reli ya kilometa 125, iliyojengwa wakati wa ukoloni kwa sababu mashua haziwezi kupita kwenye maporomoko ya Boyoma. Treni haipiti kila siku, na barabara huharibika wakati wa mvua. Kwa hiyo mahindi hukaa. Na kila juma linalopita ni faida kwa fukusi, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu kama mkonga wa tembo.

Fukusi huweza kuingia katika mahindi yangali shambani. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Mtoto wake hukulia humo akila punje kwa ndani. Katika joto na unyevu, mdudu mpya hutoka baada ya karibu majuma 5. Ndiyo maana gunia linaonekana zima siku ya kuwekwa, na miezi michache baadaye limejaa vumbi na matundu. Hata mbegu hupotea: punje iliyoliwa kiini haioti, na mkulima analazimika kununua mbegu nyingine.

Kazi ya kwanza ni kukausha vizuri, hadi unyevu wa punje ushuke karibu asilimia 13. Si rahisi katika msitu wa ikweta. Asiye na kipimo anaweza kutumia chumvi: atie chumvi kavu na punje chache katika chupa kavu, afunge, atikise, kisha angoje dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani.

Wazee hutundika mahindi juu ya moto wa jiko. Moshi unakausha na kufukuza wadudu, lakini yakishushwa, fukusi wanarudi. Mahindi yaliyokauka yanafaa kutiwa katika bido safi, lijazwe hadi juu na kufungwa kabisa. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Mifuko ya tabaka 3 inafanya kazi hiyohiyo. Bido lililobeba mafuta ya gari ao dawa lisitumiwe, na dawa ya shambani isichanganywe na chakula.

Magunia ya zamani nayo yachovywe katika maji ya moto na kuanikwa, na mavuno mapya yasichanganywe na ya zamani. Kwa anayengoja treni, kazi hiyo yote ni ya siku za kwanza baada ya mavuno. Matundu yakisha kuonekana, kizazi kimoja cha fukusi kimekwisha kula.